Si Mti Ule

Miaka tisa mama alikunywa.
Alfajiri, redio bado imelala,
majani manne ndani ya sufuria ya bluu,
kila jani limepasuka katikati kama ukwato.
Ukwato wa ng'ombe: ndivyo Pelotas nzima inavyouita mti huo,
na nusu ya Pelotas ina sukari.

Ina sukari, nasema, kama wasemavyo walio nayo,
wala sisemi ya kabatini.
Ingawa kabatini pia ipo. Mji huu unaishi kwa vitamutamu,
na Zulmira, mama yangu, miaka thelathini karakanani
alitenga viini vya mayai kwa viganja,
akavisonga na nazi, na sukari, na sukari tena,
hadi vikawa kindim, vijua vinavyotetemeka sahanini.
Kila sufuria aliionja.
"Ugonjwa wangu," husema, "uliingilia kidoleni."

Mimi kazi yangu ni panya.
Daktari Belchior hunikabidhi majani makavu katika mfuko wa karatasi.
Nayasaga. Nayaloweka kwenye spiriti siku saba,
nachuja, nakausha, hata ibaki lami ya kijani
inayonuka nyasi zilizolowa zikasahauliwa.
Panya arobaini na wanane,
kongosho zao tumeziharibu kwa sindano
ili wafanane na mama.
Natoboa ncha ya mkia. Tone, namba. Tone, namba.
Waliopewa lami wameshuka kidogo.
Waliopewa maji wako palepale.
Watatu wamekufa, hatujui kwa nini;
nao wana safu yao daftarini.

Siku moja, kwa kujivuna tu,
nilimpelekea Krolow wa chumba cha mimea
tawi la mti wetu, ule wa mbele ya nyumba.
Aliligeuza. Akaligeuza tena.
"Miiba yake iko wapi?"
Nikasema hauna miiba, ndiyo maana mama anaupenda.
"Na ua?"
Zambarau, nikasema, na sauti yangu ikaanza kunisaliti.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati,
taratibu, kama daktari anayetafuta pa kuanzia.
"Mnaousaga huku huchanua mweupe,
na una miiba, miwili miwili, penye kila kikonyo.
Huu ni binamu yake.
Manispaa iliupanda kwa ajili ya kivuli."

Ndani ya basi nilizihesabu alfajiri:
elfu tatu, mia mbili, themanini na tano,
bila ile mihula aliyolazwa.

Nilimkuta anamenya viazi.
Nikamwambia yote, nimesimama, koti bado mwilini.
Akacheka hata kisu akakiweka chini.
"Kumbe nilikuwa nakunywa kivuli!"
Kisha, baada ya kiazi kizima:
"Lakini sukari ilishuka."
"Ilishushwa na vidonge, mama. Vya kituo cha afya."
"Na vidonge nilivimeza kwa nini?"
Nikanyamaza.
"Kwa chai hii. Bila chai, nani angeamka gizani
kwa ajili ya kidonge kisicho na harufu?"

Akataka nimletee ule wenye miiba.
Nikamwambia sijui ni majani mangapi,
sijui kama yatagombana na vidonge,
sijui figo zake zitasemaje;
panya wangu ana gramu mia mbili na hamsini,
na hajawahi kusonga kindim maishani mwake.
"Basi unasomea nini?" akauliza,
bila ubaya, akiokota kisu.

Nikasema: kutojua, ila kwa namba.

Usiku upepo ulivuma kutoka ziwani.
Maua ya zambarau yakajaa kizingitini,
mti usio na kosa, usiojua uliitwa dawa.
Nikalala vibaya.
Kabla ya redio nikasikia maji yanachemka,
kifuniko kinagonga, kinagonga.
Sikutoka kumzuia.
Nilingoja arudi chumbani, nikaenda jikoni pekupeku,
nikafungua kisanduku chake chenye vyumba saba.
Cha Alhamisi kilikuwa kitupu.